Niliposema M-Pesa haitafika Krismasi

Najua kimya kimekuwa kirefu. Wiki jana nilikuwa nahamisha barua pepe zangu za zamani kutoka akaunti moja hadi nyingine, kwa skripti ndogo ya Python ambayo ilininyima usingizi usiku mzima, nikakutana na barua niliyomwandikia rafiki yangu wa chuo mnamo Aprili 2007. Naiweka hapa ilivyo, bila kuipaka rangi:

“Hii M-Pesa nimeiona. Ni menyu ya laini na SMS basi. Mwenye duka atatoa wapi pesa za kumpa kila mtu? Na nani atabadilisha laini kwa ajili ya kitu kama hiki? Haifiki Krismasi.”

Huduma yenyewe ilikuwa imezinduliwa tarehe 6 Machi mwaka huo, yaani ilikuwa na umri wa wiki chache tu. Krismasi ilipofika ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 waliojiandikisha. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta, jamani.

Jambo lililonikosesha raha ni lingine. Tangu niipate barua hiyo nimekuwa nikiwauliza watu hapa Kisumu walisema nini siku ya kwanza waliposikia habari za M-Pesa. Fundi wa simu pale Kondele, mwalimu mstaafu, jirani yangu, shemeji. Wote walijua itafaulu! Hakuna hata mmoja aliyetia shaka. Kumbe katika Kenya nzima mtu aliyekosea nilikuwa mimi peke yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria historia ya kauli hizi ndogo ndogo, zile tunazotoa tukiwa tumesimama kando ya barabara na kitu kipya kinapita. “Hiyo haiwezi.” “Hiyo ni ya Wazungu.” “Ikiharibika je?” Hakuna anayeziandika. Kinachohifadhiwa ni unabii.

Chukua reli. Ukikulia pande hizi utasikia habari za Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1890, kwamba aliona mbele nyoka wa chuma akija kutoka baharini. Nenda kwa Wakamba, watakwambia ni Syokimau. Wakikuyu nao wana Mugo wa Kibiro. Nyoka ni yule yule, na kila jamii ina mtu wake aliyemwona mapema. Sisemi manabii hao hawakusema. Nasema tu kwamba treni ilipokwisha kufika, kila mtu alipata sababu ya kumkumbuka aliyesema itafika. Wale waliosema “aah, mvua ya Aprili itaibomoa” majina yao hatuna.

Hata London waliokuwa wakiicheka reli hiyo hawakuwa wachache. Mbunge Henry Labouchère aliikejeli bungeni kama kazi ya kichaa, na ukitazama hesabu, reli iliyokula zaidi ya pauni milioni 5 kufika ziwani mahali ambapo hapakuwa na bandari ya maana, huwezi kusema alikuwa mjinga. Desemba 1901 reli ikafika ufukweni. Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, akagongelea kipande cha mwisho, na mahali pakaitwa Port Florence. Ndipo Kisumu hapa. Meli nayo ilikuwa imetangulia: SS William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikavunjwa vipande vipande, ikaletwa huku na kuunganishwa tena, na mwaka 1900 ikashushwa majini. (Aliyewahi kusakinisha programu iliyokuja kwenye diski kumi na moja ataelewa uchungu wa kugundua kwamba kipande namba 7 hakipo.)

Kauli moja ya kawaida ya wakati ule imehifadhiwa, lakini kwa sababu ilifanywa kwa mikono. Wanandi walikata waya wa simu wakatengenezea mapambo, na boliti za reli wakazifua kuwa silaha. Waingereza waliandika: wizi, uasi. Vita vikaendelea kwa vipindi tangu 1895 hadi Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi na Richard Meinertzhagen mnamo Oktoba 1905. Lakini ukisoma kitendo kile kama anavyosoma mtu wa programu ripoti ya hitilafu, kinasema wazi: kitu hiki mmekipitisha kwenye ardhi yetu, kazi yake kwetu hatuioni, malighafi yake ni nzuri. Neno letu “simu” lenyewe, wanasema wanaojua lugha, limetoka Kiajemi, na maana yake ni waya. Kwa hiyo Wanandi waliielewa simu kwa maana yake ya asili kabisa.

Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kutua juu ya maji hapa Kisumu, zikiwa njiani kati ya Khartoum na Mwanza. Kitu kinaruka kama korongo na kinaelea kama mtumbwi! Ningelipa pesa nzuri kujua wavuvi wa Dunga walisema nini asubuhi ile. Hakuna aliyewauliza.

Turudi kwa aibu yangu.

Nikiisoma tena ile barua naona kwamba mambo niliyoyataja yalikuwa kweli. Programu ya M-Pesa ilikaa ndani ya laini, si ndani ya simu, kwa hiyo wenye laini za zamani ilibidi wabadilishe. Mawasiliano yalipita kwa SMS. Seva zilikuwa Ujerumani, na zilikaa huko hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Yaani nikimtumia mama yangu shilingi 500 kutoka Kondele hadi Bondo, hesabu yake ilipitia Ulaya. Kuhusu mwenye duka, nilikuwa sahihi kabisa: kwa miaka mingi kilio cha kwanza cha mawakala kilikuwa “float imeisha, rudi saa kumi.” Kila kasoro niliyoitaja ilikuwepo, na bado nilikosea.

Nilikosea kwa sababu nililinganisha M-Pesa na benki. Mama yangu aliilinganisha na bahasha. Kabla ya hapo nilikuwa nikimtumia pesa kwa utingo wa basi: noti ndani ya bahasha, bahasha ndani ya gazeti, gazeti limefungwa kwa utepe, na maombi juu yake. Mara mbili bahasha ilifika ikiwa nyepesi. Mara moja haikufika. Mtu aliyezoea hivyo ukimwambia “wakati mwingine wakala hana pesa, itabidi usubiri hadi jioni,” anakushangaa. Jioni ya leo? Na ada ya kutuma ilikuwa shilingi 30, wakati utingo alitaka chai na nauli ya mtoto wake.

Waliobuni wenyewe hawakujua wana nini mkononi. Majaribio ya Oktoba 2005, yaliyofanywa na watu wa Vodafone wakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, yalikuwa ya kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wengine wakalipia bidhaa. Mimi ningewaita wateja hao watukutu na kuwazibia njia kwenye msimbo. Wao wakaitupa ile sehemu ya mikopo, wakazindua huduma kwa wito wa kutuma pesa nyumbani.

Kisha ukaja uchaguzi. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo yalitangazwa, na mnaoishi hapa mnajua kilichofuata; barabara ya Oginga Odinga ilikuwa moshi mtupu. Maduka yaliyosalia yalifungwa. Kadi ya simu ya shilingi 100 iliuzwa kwa bei ya mwenye nayo. Binamu yangu aliyekuwa Nairobi alinitumia pesa kwa M-Pesa, na nikakaa nayo ndani ya simu siku tatu kwa sababu hakuna wakala aliyekuwa amefungua. Siku ya nne nilibisha mlango wa nyuma wa kibanda mtaani kwetu. Mwenyewe akaniambia, “Nitumie kwa simu yangu, chukua unga.” Hakukuwa na noti yoyote. Nilibeba ule mfuko wa kilo 2 nikirudi nyumbani, nikijua kwamba nimenunua unga kwa kitu nilichoandika kuwa hakitafika Krismasi.

Walioshuku hawakuwa mimi tu, hata kama mashemeji zangu wamesahau. Ile miaka ya 2006 na 2007 Wakenya walikuwa wametoka kuliwa pesa na biashara za piramidi, kwa hiyo kitu kipya chenye jina jipya na pesa zisizoonekana kilikuwa na harufu ile ile. Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu wizara ya fedha, alitilia shaka hadharani kama mambo yangeisha vizuri, na ukaguzi ukaamriwa. Ilisemekana benki zilikuwa nyuma ya wasiwasi huo. Januari 2009 jibu likatoka: huduma ni salama. Naona watu wanamcheka Michuki kwa hilo. Mimi simcheki. Swali lake, “pesa za watu ziko wapi hasa?” ndilo swali ambalo mtu yeyote anayeandika programu za pesa anapaswa kulijibu kabla ya kulala.

Nimesema mengi kuhusu simu. Magari niyapitie haraka, ingawa yana utamu wake.

Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama ni baya na la mwendo wa pole. Mwaka 1990 magari 5 ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa, yakafika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Hayakuwahi kuuzwa. Nakumbuka mzaha wa wakati huo, kila mtu alikuwa na wake, na mwingi ulihusu kusukuma. Leo ukiwauliza wazee wale wale watakwambia kwa huzuni kwamba nchi ilikosa nafasi. Hapa kumbukumbu imegeuka upande wa pili: walicheka, halafu wakasahau kwamba walicheka.

Lakini gari lililoshinda huku kwetu halikutabiriwa na nabii yeyote. Probox! Toyota walilitoa mwaka 2002 kama gari la kazi, la kubeba sampuli na maboksi ya wauzaji wa Japani. Lilipoanza kuonekana hapa, tulisema ni jokofu lenye magurudumu. Baba yangu, mtu wa Peugeot 504, alikataa kulipanda. Imani yake katika Peugeot haikutoka kwenye tangazo. Ilitoka kwenye tope. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na 504 ikafuata 1975 na 1978. Magari ya Kijapani aliyaita makopo, mpaka Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo juu, aliposhinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na tena 1976. Huyo Joginder ndiye aliyeshinda 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika. Ukitaka kuuza gari kwa watu wa Nyanza miaka hiyo ulihitaji lipite kwenye matope ya Kericho mbele ya macho yao na litoke upande wa pili. Probox nayo ilipita mtihani huo, bila kamera wala kombe, ikiwa na abiria tisa, magunia ya mahindi na kuku, kwenye njia ya kwenda Bondo. Baba alilipanda hatimaye mwaka 2011. Alisema kiti ni kigumu.

Viatu sasa, kwa sababu hapa ndipo niliposikia kauli ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 2005, nikiwa saiba, nilisoma kwamba Adidas wametoa kiatu chenye kompyuta. Jina lake Adidas 1: sumaku na kihisio kisiginoni kupima unavyokanyaga, kichakato kidogo, na mota iliyokaza au kulegeza soli ukiwa unakimbia. Bei dola 250, ambazo wakati huo zilikuwa karibu shilingi 19,000. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwita kijana aliyekuwa akisimamia saiba, aje aone. Alikuwa amevaa akala, zile ndara za tairi la gari ambazo jua kali wanazikata kwa kisu na kuzigongelea misumari. Akasoma, akatikisa kichwa. “Omera, betri ikiisha katikati ya mbio?”

Nikaanza kumweleza kwamba ni betri ndogo tu, inabadilishwa. Akanionyesha akala yake. “Hii ilishakimbia kilomita elfu hamsini ikiwa kwa lori. Haijaisha betri.”

Kiatu kile kilitoweka sokoni ndani ya miaka michache. Sidai kwamba kijana wa saiba alikiua. Ila wahandisi wa Adidas walikuwa wamejibu swali gumu sana ambalo mkimbiaji hakuwa ameuliza, na yeye alilinusa hilo kwa dakika moja akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Kiatu kilichobadilisha mbio kilikuja baadaye na hakikuwa na betri. Ni Vaporfly ya Nike, mwaka 2017: sponji nyepesi na bamba la kaboni ndani. Oktoba 12, 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa na kizazi kilichofuata cha kiatu hicho. Mbio hazikuhesabiwa kama rekodi rasmi, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyekuwa akizitazama. Nilizitazama kwenye hoteli moja ya samaki karibu na ziwa. Mtu mmoja akasema, “Ni viatu vilivyokimbia.” Sauti nyingine kutoka nyuma, “Basi vaa wewe tuone.” Mabishano yote ya kitaalamu yaliyofuata, hadi World Athletics walipotangaza tarehe 31 Januari 2020 kwamba soli isizidi milimita 40, bamba liwe moja, na kiatu kiwe kimeuzwa madukani miezi 4 kabla ya kuvaliwa mashindanoni, naona hayakuongeza mengi juu ya sentensi zile mbili. Kifungu cha kuuzwa madukani ndicho hasa “vaa wewe tuone.”

Sasa niseme kwa nini barua ya 2007 imeniuma kuliko inavyostahili. Ni kwa sababu miaka mitatu baadaye nilikuwa upande wa pili wa meza. Mwaka 2010 mimi na mwenzangu tuliandika mfumo wa SMS wa bei za samaki. Mama muuza samaki wa Dunga angetuma neno moja, na kupata bei ya mbuta na ngege katika fuo nyingine. Tuliweka akiba zetu za miaka miwili. Siku ya kuonyesha, mama mmoja mzee alinisikiliza hadi mwisho, mikono imejaa magamba, kisha akasema, “Nyathina, bei naijua. Nisichojua ni kama gari la barafu litakuja.”

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na jioni nikamwambia mwenzangu kwamba wazee huchelewa kuelewa, tutaanza na vijana. Bila barafu, samaki wa Dunga hawezi kungojea bei ya Usenge. Anauzwa leo, hapa, kwa aliyepo. Yule mama alikuwa amenipa muundo mzima wa programu iliyohitajika, bure, kwa sentensi moja, na mimi niliichukulia kama mzaha. Mfumo wetu ulikufa baada ya miezi saba. Mwenzangu aliuza pikipiki yake kulipa deni la seva. Tunasalimiana tukikutana mjini, basi.

Mwezi uliopita nilikwenda Dunga tena. Vijana wa kampuni moja walikuwa wameleta mota ya umeme ya kusukuma mashua, nzuri, kimya, betri yake kubwa kama sanduku la shule. Wakaeleza gharama za petroli, wakaeleza masafa. Hesabu zao zilikuwa safi. Mvuvi mmoja wa umri wa baba yangu aliinua kipande cha mbele, akakipima uzito, akakirudisha. “Na gugu maji?” akauliza.

Kijana akasema propela ina kinga, haitasongwa.

“Sijauliza kusongwa,” mzee akasema. “Upepo ukigeuka, gugu linafunga hapa mbele. Safari ya saa moja inakuwa saa tano. Unazunguka, unangoja, unasukuma kwa upondo, unazunguka tena. Betri yako inajua hilo?”

Watu wakacheka kidogo. Kijana naye akacheka, akaendelea na karatasi yake ya bei. Mimi nilimfuata mzee hadi kwenye mashua yake, nikatoa daftari, nikamwomba anieleze tena habari za ule upepo, kuanzia mwezi wa kwanza.